Si Nguvu za Giza: Maneno Juu ya Ushahidi wa Nyota za Mbali



Yako maneno yanayozunguka siku hizi katika mabaraza yetu ya hapa Lushoto, na bila shaka huko uliko pia yamekufikia. Husemwa ya kwamba wataalamu wa nyota wamegundua kuwa zaidi ya theluthi mbili ya ulimwengu ni "nguvu za giza". Mmoja huyasoma gazetini, mwingine huyasikia redioni, wa tatu huletewa katika simu yake. Na kila anayeyapokea huyatia chumvi kidogo kabla ya kumpa mwenziwe. Yakifika sokoni Soni au kule juu Mlalo, huwa yamekwisha kuwa habari nyingine kabisa: ya kwamba Wazungu na mashine zao wamethibitisha yale ambayo waganga wa uongo wamekuwa wakiyauza miaka yote.

Makusudi yangu si kuwacheka wanaosema hivyo. Mtu huambiwa neno, naye hulielewa kwa lugha aliyo nayo. Makusudi yangu ni kuihakiki habari yenyewe: walioona waliona nini, ni kitu gani kilichoongezwa juu ya walichokiona, na jina hili limetoka wapi. Utaona, msomaji, kwamba ushahidi una nguvu, na jina ni bovu. Na utaona kwamba yule anayeiamini habari hii yote na yule anayeikataa yote, wote wawili wameshindwa kutenganisha mambo hayo mawili.

Shahidi huulizwa nini

Tunayo desturi ya zamani ya kupokea ushahidi wa mwezi mwandamo. Mtu akija akasema ameuona mwezi, haitoshi kuwa ni mtu mwema. Huulizwa aliuona akiwa wapi, saa ngapi, upande gani, pembe zake zilielekea wapi, kama palikuwa na mawingu, na nani mwingine aliyeuona. Akisema, "Niliona mwanga," basi ameshuhudia mwanga, hajashuhudia mwezi. Mwanga huo huenda ukawa mwezi, na huenda ukawa moto wa wachoma mkaa. Mpokea ushahidi mwenye busara huandika kile alichosema shahidi, wala haandiki kile anachokitamani yeye.

Kwa mizani hiyo hiyo natuipime habari ya ulimwengu. Hatuhitaji darubini kwa kazi hii. Twahitaji subira tu.

Taa zilizo tambararani

Nenda Irente usiku usio na mwezi, usimame juu ya jabali lile, utazame chini. Karibu mita elfu moja chini yako iko tambarare ya Mazinde na mashamba yake ya mkonge, na taa za watu zimetawanyika humo kama punje za mtama. Moja yang'aa, nyingine yafifia. Je, ile inayofifia iko mbali, au ni taa ndogo? Kwa macho peke yake huwezi kujua. Lakini lau ungejua kwa yakini kuwa taa zote ni karabai za namna moja, zilizotiwa upepo sawasawa, hapo kufifia kwake kungekuwa kipimo cha umbali. Kanuni yake ni thabiti: taa ikiwa mbali mara mbili, mwanga wake unaokufikia huwa robo, ikiwa mbali mara tatu, huwa sehemu moja ya tisa.

Wataalamu wa nyota waliitafuta karabai ya namna hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 1912 bibi mmoja wa Marekani, Henrietta Leavitt, alionesha kuwa ziko nyota zinazong'aa na kufifia kwa zamu, na urefu wa zamu hiyo hutambulisha nguvu ya mng'ao wake. Kwa nyota hizo Edwin Hubble alipima umbali wa galaksi, yaani yale makusanyiko makubwa ambayo kila moja lina mabilioni ya nyota kama hili letu la Njia ya Maziwa. Mwaka 1929 akatangaza kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali nasi, ndivyo inavyokwenda kwa kasi zaidi kutuacha. Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji, alikuwa amekwisha kuandika hoja hiyo mwaka 1927.

Ukitaka kuelewa, chukua mpira wa baiskeli, ule ambao vijana wetu hufungia magunia ya kabichi. Uchore alama za chaki juu yake, kisha uuvute. Alama zote zaachana, na zile zilizokuwa mbalimbali zaachana kwa haraka kuliko zilizokuwa jirani, wala hakuna alama iliyotembea juu ya mpira. Hivyo ndivyo wanavyosema kuwa anga lenyewe latanuka. Na mwanga unaosafiri ndani yake huvutwa pamoja nalo, ukaelekea upande wa wekundu. Wekundu huo humwambia mpimaji ulimwengu umetanuka kiasi gani tangu mwanga ule ulipoondoka kwao.

Lakini usije ukadhani kuwa milima yetu ya Usambara yatanuka, au mwili wako. Vitu vilivyoshikana kwa uzito wake au kwa maungo yake havitanuki. Hata galaksi jirani ya Andromeda, ambayo Abd al-Rahman al-Sufi aliiandika kama wingu dogo katika kitabu chake cha mwaka 964, haituachi bali yatusogelea. Utaweza kuiona hapa Lushoto kwa macho yako, upande wa kaskazini, usiku wa Novemba, ukibahatika kupata mbingu safi katikati ya mvua za vuli.

Jambo lililowashangaza

Baada ya kujua kuwa ulimwengu watanuka, wataalamu wengi walingoja jambo moja: kwamba kutanuka huko kwapungua kasi. Hoja yao ilikuwa ya akili. Ukirusha jiwe juu, uzito wa dunia hulivuta, nalo hupungua mwendo. Vivyo hivyo uzito wa galaksi zote ulipaswa kuvuta nyuma. Swali lililobaki lilikuwa moja tu: wapungua kwa kiasi gani?

Ili kupima, walihitaji karabai kubwa kuliko nyota za Leavitt. Waliipata katika nyota inayolipuka, ile wanayoiita supanova ya aina ya Ia. Hii hutokana na nyota iliyokwisha moto wake, ndogo kwa ukubwa kama dunia hii lakini nzito karibu kama jua. Ikilipuka, kwa wiki chache hung'ara kama mabilioni ya majua. Hazikuwa sawa kabisa zote. Lakini mwaka 1993 Mark Phillips alionesha kuwa ile inayong'aa zaidi hufifia polepole, na ile inayong'aa kidogo hufifia upesi. Kwa hiyo ukiiangalia namna inavyofifia, waweza kuirekebisha hesabu yake. Wapimaji wa Calán na Tololo, nchini Chile, walikuwa wakizikusanya supanova za jirani ili ziwe kipimo cha zile za mbali.

Mwaka 1998 makundi mawili yalitoa habari. Kundi moja liliongozwa na Brian Schmidt, na habari yake iliandikwa na Adam Riess; lilipima supanova 16 za mbali na kuzilinganisha na 34 za jirani. Kundi la pili liliongozwa na Saul Perlmutter, nalo lilipima supanova 42 za mbali, hesabu zake zikachapishwa mwaka 1999. Makundi haya yalikuwa yakishindana. Kila moja lingefurahi kumkuta mwenziwe amekosea. Lakini yote mawili yalikuta jambo lile lile: taa za mbali zilikuwa hafifu kuliko ilivyotarajiwa. Kwa hesabu ya kundi la kwanza, zilikuwa mbali zaidi kwa asilimia 10 hadi 15 kuliko ambavyo zingekuwa katika ulimwengu wenye maada kidogo na usio na kitu kingine. Maana yake ni kwamba kutanuka hakupungui kasi. Kwaongezeka. Ni kama umerusha jiwe juu, ukaliona likizidi kwenda mbio huko linakokwenda. Mwaka 2011 watu hao watatu walipewa tuzo ya Nobeli ya fizikia.

Je, si ukungu?

Hapa msomaji wa Usambara ana haki ya kusimama na kuuliza swali, kwani sisi twaujua ukungu. Ukishuka juu ya Magamba jioni, taa iliyo hatua hamsini huonekana kama iko ng'ambo ya bonde. Taa haikwenda mbali, ukungu umeila. Basi huenda na hizo nyota zilifichwa na vumbi la angani?

Swali hili ni zuri, na wataalamu walijiuliza wao kwa wao tangu siku ya kwanza. Jibu lao lina sehemu mbili. Kwanza, vumbi la kawaida hufanya mwanga kuwa mwekundu, kama jua linavyokuwa jekundu wakati wa kiangazi watu wanapochoma mashamba. Nao hupima rangi na kuirekebisha. Pili, tuseme liko vumbi la ajabu lisilobadili rangi. Hapo kadiri taa inavyozidi kuwa mbali ndivyo ingepaswa kuzidi kufifia kupita hesabu. Mwaka 2004 kundi la Riess, kwa kutumia darubini ya Hubble iliyo angani, lilitoa habari za supanova za mbali zaidi, nazo hazikufifia namna hiyo. Zilionesha kuwa hapo zamani, ulimwengu ulipokuwa umesongamana, kutanuka kulikuwa kweli kukipungua kasi, na kwamba miaka kama bilioni 5 au 6 iliyopita mambo yaligeuka. Vumbi halina tabia hiyo.

Hata hivyo mabishano hayakukoma, wala si aibu kwamba hayakukoma. Mwaka 2016 Subir Sarkar wa Oxford na wenzake walizipima upya supanova 740, wakasema kuwa ushahidi wa nyota hizo peke yake ni dhaifu kuliko unavyotangazwa. Wengine wakamjibu kuwa njia yake ya hesabu ina kasoro. Nalitaja hili kwa makusudi, kwani msomaji aliyeambiwa kuwa jambo limekwisha na hakuna anayepinga ameambiwa uongo, hata kama jambo lenyewe ni la kweli.

Mashahidi wengine

Lau tungekuwa na shahidi mmoja tu, ningekushauri unyamaze ungoje. Lakini wako wengine, na uzuri wao ni kuwa hawakutazama kitu kimoja.

Shahidi wa pili ni mwanga wa kale uliosambaa mbingu zote, ambao Arno Penzias na Robert Wilson walitangaza habari zake mwaka 1965. Mwanga huo una mabaka madogo yenye ukubwa unaojulikana kwa hesabu. Mabaka hayo yakipimwa kwa pembe yanayoichukua angani, hutambulisha umbo la anga na jumla ya vyote vilivyomo. Mwaka 2000 puto lililorushwa Antaktika, liitwalo BOOMERanG, lilionesha kuwa anga limenyooka, halikupinda. Setilaiti za WMAP na Planck zikathibitisha baadaye. Anga likinyooka, jumla yake yajulikana. Lakini maada yote iliyopimwa kwa uzito wake haifiki theluthi moja ya jumla hiyo. Ni kama gunia lililopimwa kwenye mizani ya soko likaonekana lina kilo mia. Ukimwaga viazi ukavipima, ukapata kilo thelathini na kidogo. Mizani ikiwa sahihi, kiko kitu kingine ndani ya gunia. Kwa hesabu za Planck za mwaka 2018, maada ya kawaida, yaani nyota, mawe, maji na sisi wenyewe, ni kama asilimia 5. Maada isiyoonekana ni kama asilimia 27. Na kilichobaki ni kama asilimia 68.

Shahidi wa tatu ni mpangilio wa galaksi. Ukisimama Irente ukatazama nguzo zilizopandwa kando ya barabara kwa hatua sawa, utaona zile za mbali zimekaribiana. Na kwa kukaribiana huko utajua umbali wake. Galaksi nazo zina hatua yao: mawimbi ya zamani yaliacha alama, hata leo zinapenda kuachana kwa umbali wa miaka ya mwanga kama milioni 500, na mwaka mmoja wa mwanga ni kama kilomita trilioni 9.5. Mwaka 2005 makundi mawili ya wapimaji, moja likitumia galaksi karibu 47,000 zilizopimwa kule New Mexico na jingine zile zilizopimwa Australia, yaliiona hatua hiyo. Ilikubaliana na nyota zinazolipuka.

Shahidi wa nne alianzia kwetu, pwani ya Afrika Mashariki. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, mali ya Waitalia. Kwa heshima ya wenyeji na ya siku hiyo ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi ya kutazama mbingu kwa mionzi ya eksirei peke yake, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Miongoni mwa vilivyoonekana ni makundi makubwa ya galaksi, yaliyojaa gesi ya moto mno. Uhuru haikuona habari hii tunayoizungumza, na atakayesema iliiona atakuwa ameongeza. Lakini njia iliyoifungua ndiyo waliyoipita waliokuja baadaye. Kwa darubini ya Chandra, iliyorushwa mwaka 1999, wapimaji walitoa habari mwaka 2004 juu ya gesi ya makundi 26, na mwaka 2008 juu ya kukua kwa makundi 86. Makundi hayo hayakukua kwa haraka kama ambavyo yangekua lau uzito peke yake ndio unaotawala. Kitu kimeyazuia.

Mashahidi wanne basi: taa, mizani, nguzo na makundi. Mwenye kukosea kwa sababu ya vumbi hakosi kwa sababu hiyo hiyo katika kupima nguzo. Kukubaliana kwao ndiko kunakoipa habari hii nguvu, kuliko tuzo yoyote iliyotolewa.

Ambacho hakuna aliyekiona

Sasa turudi kwa mpokea ushahidi aandikaye alichosema shahidi tu. Ameandika nini? Ameandika kwamba ulimwengu watanuka, kwamba kutanuka huko kwaongezeka kasi, na kwamba hesabu ya maada peke yake haitoshi kulieleza hilo. Hayo yameshuhudiwa. Lakini je, yuko aliyeikamata nishati yenyewe? Hayuko. Hakuna chombo kilichoigusa wala maabara iliyoipima. Neno "nishati" ni tafsiri ya alama zilizoonekana, kama mtu anavyoona nyayo mchangani akasema amepita mnyama, kabla hajajua ni mnyama gani.

Tafsiri iliyo mashuhuri ni ile ya Albert Einstein, ambaye mwaka 1917 aliongeza herufi ya Kiyunani, Lambda, katika hesabu zake ili ulimwengu usimame mahali pamoja. Ilipojulikana kuwa watanuka, aliiondoa. Baada ya mwaka 1998 waliokuja nyuma yake waliirudisha kwa kazi nyingine: kueleza kuongezeka kwa kasi. Lakini wakijaribu kuihesabu thamani yake kwa kanuni za vitu vidogo kabisa, hupata jibu linalozidi kile kilichopimwa kwa namba ya 1 ikifuatiwa na sufuri kama 120. Sijui biashara yoyote sokoni ambayo ingevumilia kosa la hesabu la namna hiyo.

Tena yako mapya. Chombo kiitwacho DESI, kilichofungwa kwenye darubini ya Kitt Peak huko Arizona, kilitoa habari mwaka 2024, kisha Machi 2025 kikazirudia kwa kupima galaksi na vitu ving'aavyo karibu milioni 15. Vipimo hivyo vikichanganywa na vya supanova na vya ule mwanga wa kale, yaonekana kuwa hiyo nishati huenda si ya daima, bali yadhoofika kadiri zama zinavyopita. Wenyewe wamesema kuwa dalili haijafikia kiasi wanachokiita ugunduzi. Tunaona hapo, msomaji, adabu ya shahidi mwema: ameona kitu kikubwa, naye hasemi zaidi ya alichokiona.

Jina bovu

Sasa nije kwenye jina, kwani hapo ndipo madhara yanapoingia kwetu.

Mwaka 1998 Michael Turner wa Marekani aliipa habari hii jina la Kiingereza la maneno mawili, moja lenye maana ya nishati na jingine lenye maana ya giza. Kwa Kiingereza chao neno hilo la pili hubeba pia maana ya kitu kisichojulikana. Alitaka kusema, "Hatujui ni nini." Kiswahili chetu kikalichukua giza, kikaiacha maana.

Jina hili lina makosa matatu. La kwanza, si la kweli hata kwa kipimo cha kawaida. Kitu cha giza huzuia mwanga au huumeza. Hiki hakizuii chochote. Mwanga wa nyota hupita ndani yake kwa mabilioni ya miaka ukatufikia. La pili, lachanganya vitu viwili. Maada isiyoonekana, ambayo Fritz Zwicky aliitaja mwaka 1933, huvuta na kukusanya, hii yatawanya. Kuziita zote "za giza" ni kumfanya mwanafunzi adhani ni ndugu.

La tatu ndilo zito. Katika lugha yetu "nguvu za giza" lina mwenyewe tayari. Ni jina la uchawi. Mtoto wa Kishambaa hahitaji kwenda shule kulijua. Nchi yetu ina Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1928, na bado wako watu wanaotajirika kwa kuuza hofu. Tumesikia vikongwe wa Usukuma walivyouawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Tumesikia katika miaka ya 2000 ndugu zetu wenye ualbino walivyowindwa kwa ajili ya viungo vyao. Katika nchi iliyopitia hayo, anayetangaza redioni kuwa "sayansi imethibitisha nguvu za giza" amempa mganga wa uongo cheti cha chuo kikuu. Hakukusudia, lakini cheti kimetumika.

Wako walioona hatari wakasema "nishati ya giza". Ni afadhali, kwani nishati si nguvu, lakini giza limebaki pale pale. Rai yangu ni kuiita "nishati isiyofahamika". Ni refu, nakiri, wala halina utamu wa kichwa cha habari gazetini. Lakini lasema kweli, na mchawi hapati cha kuchukua humo.

Wanaoharakisha

Neno moja kwa wenzangu wa mimbari. Wako vijana wema ambao, kila darubini ikitoa habari, hukimbilia kusema kuwa imo katika aya, na mara nyingi huitaja aya ya 47 ya sura ya Adh-Dhaariyaat. Wafasiri wa zamani waliifasiri aya hiyo kwa njia zaidi ya moja, bila ya supanova, na imani yao haikupungua. Swali langu kwao ni hili: leo umemwambia mwanafunzi kuwa kasi isiyokoma ndiyo iliyotajwa, kesho DESI au setilaiti ya Euclid, iliyorushwa Julai 2023, ikisema kasi yadhoofika, utamwambia nini? Utabadilisha aya, au utabadilisha maneno yako? Usiitundike nguo ya thamani kwenye msumari ambao bado wagongwa.

Na kwa upande wa pili yuko anayesema, "Hawajaiona kwa macho, basi ni uzushi." Huyu naye hajatenda haki. Hata upepo hauonekani, nasi twaujua kwa migomba inavyolala. Waliopima walionesha vipimo vyao, wakawaruhusu wapinzani wavikague, wakajibu swali la ukungu kwa nyota nyingine. Kuwakataa bila ya kuzisikiliza hoja zao ni kumrudisha shahidi mlangoni kabla hajafungua kinywa.

Nasaha kwa walimu

Mwalimu utakayeulizwa na mwanafunzi wako, mjibu kwa mafungu matatu, wala usiyachanganye. Mwambie: lililoonekana ni kuwa nyota za mbali ni hafifu kuliko ilivyotarajiwa, na vipimo vingine vitatu vyaafikiana nalo. Lililotolewa humo kwa hoja yenye nguvu ni kuwa kutanuka kwa ulimwengu kwaongezeka kasi. Lisilojulikana ni kinachosababisha hayo, na kama kitaendelea hivyo daima. Kisha mpe karabai mbili na kamba ya kupimia, umtoe nje usiku apime mwenyewe namna mwanga unavyopungua. Akiuliza kama hizo ni nguvu za giza, mwambie hapana, na umweleze jina hilo lilikotoka.

Na akikuuliza swali ambalo hata wenye darubini hawajalijibu, usione haya kumwambia kuwa bado halijajulikana. Mungu ndiye ajuaye zaidi.